Nimepanda mnili, nimechemsha majani, mbona sipati buluu?

Msomaji wetu mmoja wa Pangani ameandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa batiki. Marehemu bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba kaniki za zamani zilitiwa rangi kwa majani ya mnili. Mwaka jana nilipewa mbegu, nikapanda nyuma ya nyumba, na sasa miti imenipita kimo. Nimechuma majani, nimechemsha saa mbili nzima, nikatumbukiza kitambaa cha pamba. Kimetoka rangi ya chai. Nimetia chumvi, nimetia siki, bado ni chai. Je, nimepewa mmea mwingine? Na ile nili ya unga ya kufulia kanzu inayouzwa dukani, si ndiyo hiyo hiyo? Nikiitumia nitakuwa nimewadanganya wateja?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha kwa sababu limetoka kwa mtu mwenye kitambaa mkononi na miti uani. Nianze na lililokuudhi zaidi. Mmea wako huenda hauna kosa lolote. Kilichokuponza ni jiko.

Sisi watu wa pwani tumezoea rangi za kupika. Kahawia unaipata kwa kuchemsha gome la mkoko, njano kwa kuchemsha manjano, na hata ukindu wa mikeka unachemshwa ndani ya rangi. Basi mtu akishika majani ya mnili mkono wake wenyewe unatafuta sufuria. Lakini ndani ya jani bichi la mnili hamna buluu hata chembe. Kilichomo ni kitu kisicho na rangi, wanakemia wanakiita indikani, kilichofungwa pamoja na sukari. Na ndani ya jani hilo hilo, mahali pa peke yake, kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kukata fundo hilo. Jani likiwa zima juu ya mti, viwili hivi havikutani. Ukilichuma na kuliloweka, likaanza kulegea, vinakutana. Sukari inajitenga, inabaki indoksili, na indoksili ikiguswa na hewa inaungana mbili mbili. Hapo ndipo buluu inapozaliwa.

Sasa unaona kilichotokea jikoni kwako. Moto ulikiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Indikani ilitoka ikaingia majini, lakini hakuna wa kuikata. Hiyo rangi ya chai ni tanini na vitu vingine ambavyo majani mengi huvitoa yakichemshwa. Chumvi haikuwa na msaada wowote hapo. Siki ina kazi yake, lakini ni mwisho kabisa, baada ya kitambaa kuwa buluu.

Kabla hujachuma tena, hakikisha mmea. Jenasi ya Indigofera ina spishi zaidi ya 700 duniani, na Afrika Mashariki tunazo nyingi sana, zikiwemo zinazotambaa kando ya njia na ambazo hazitakupa rangi ya maana. Unaoutafuta hasa ni Indigofera arrecta, ambao ni wa kwetu Afrika, au Indigofera tinctoria, ambao umepandwa India kwa karne nyingi. Kwa kuwa wako umekupita kimo, nafikiri ni ule wa kwanza, kwani hufika mita mbili na zaidi. Tazama maua: madogo, ya waridi iliyokolea, yamejipanga kwenye shada fupi kwenye kwapa la jani. Kisha tazama maganda ya mbegu. Ya arrecta ni mafupi, kama sentimita mbili, yamenyooka. Ya tinctoria ni marefu zaidi na yamepinda kidogo.

Hata hivyo mimi siamini macho peke yake. Chukua konzi moja ya majani mabichi, yatie kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, jaza maji ya uvuguvugu mpaka juu kabisa, funika, uache usiku kucha mahali penye joto. Asubuhi toa majani, tia chokaa ya tambuu kiasi cha ncha ya kijiko, funga, utikise kwa nguvu. Povu likigeuka buluu, miti yako ni mnili wa kweli. Povu likibaki jeupe au kahawia, rudia mara moja na majani machanga zaidi, na likikataa tena tafuta mbegu nyingine.

Tukisema umefaulu, sasa fanya kazi yenyewe. Chuma majani asubuhi, wakati maua ya kwanza ndiyo yanachungulia, kwa maana mti ukishabeba maganda nguvu ya majani inakuwa imepungua. Yaloweke siku hiyo hiyo. Usiyaanike ukidhani unayahifadhi kama mchaichai. Yajaze ndani ya ndoo au pipa pamoja na vitawi vyake laini, mimina maji mpaka yafunikwe, weka jiwe juu ili jani lisielee. Jani linaloelea linapoteza rangi yake hewani bure. Kwa joto la Pangani acha saa 12 mpaka 18. Kuanzia saa ya kumi uwe unachungulia. Maji yanageuka kijani chenye umanjano, na juu yake unatanda utando mwembamba wenye mng'aro wa shaba. Harufu inakuwa nzito. Hapo ndipo pa kukomea. Ukingoja mpaka panuke uozo hasa, umechelewa, sehemu ya rangi imeshaharibika. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza mavuno ya msimu mzima kwa kulala usingizi siku ya kuloweka, na hadi leo nikiloweka sisafiri.

Toa majani yote, yakamue, yatupe kwenye shimo la mbolea. Mnili ni wa jamii ya kunde, kwa hiyo machicha yake ni mbolea nzuri sana kwa mchicha na migomba.

Yale maji yachuje, kisha tia chokaa. Kwa ndoo ya lita 10 vijiko viwili vya chakula vinatosha, ukiwa umeikoroga kwanza pembeni kwa maji kidogo. Naisema chokaa iliyokwisha kuzimwa, ile ya kupakia nyumba au ya tambuu, si ile inayochemka ikikutana na maji. Ukizidisha, unga wako utakuwa wa kijivu kwa sababu umebeba chokaa kuliko rangi. Halafu chukua kata, teka maji uyamimine kutoka juu, teka, mimina, nusu saa bila kuchoka. Unayalisha hewa. Povu linaanza kijani, linakuwa buluu ya kupendeza mno, halafu taratibu linafifia na kufa lenyewe. Likishakufa, pumzika. Acha ndoo itulie usiku kucha, na kesho yake utakuta juu maji ya kahawia, chini tope la buluu iliyokoza karibu na weusi. Mwaga maji ya juu polepole, chuja tope kwenye kitambaa kizito, lianike kivulini. Hiyo ndiyo nili.

Nikupe na kiasi, usije ukavunjika moyo. Katika kilo 100 za majani mabichi mtu hupata robo kilo mpaka nusu kilo ya unga, na unga wenyewe si buluu tupu. Kilo tatu za majani kutoka uani kwako zitakupa gramu chache tu. Ndiyo maana rangi hii ilikuwa mali, ikisafirishwa baharini kama pilipili na karafuu.

Unga umeupata, lakini usikimbilie kutumbukiza kitambaa. Nili iliyokwisha kuwa buluu haiyeyuki majini. Itatulia chini ya ndoo kama mchanga, na ukiipaka juu ya kitambaa itapukutika. Ili iingie ndani ya uzi ni lazima uirudishe nyuma, uipokonye ile oksijeni iliyoipa rangi. Ikipokonywa, ndani ya maji yenye chokaa au majivu, inayeyuka na kuwa ya manjano. Kitambaa kinainywa ikiwa manjano, kisha ukikitoa nje hewa inairudisha kuwa buluu, nayo imeshanaswa ndani ya nyuzi. Wengi niliowaona wakishindwa, wameshindwia hapa.

Wazee wa sehemu nyingi walifanya kazi hiyo kwa bakteria. Kule Kano, Nigeria, kuna mashimo ya Kofar Mata ambayo kwa simulizi za wenyewe yalianzishwa mwaka 1498. Mpaka sasa wanachachusha nili na majivu ndani ya ardhi kwa siku nyingi, na fundi anajua kwa kunusa na kuonja kama shimo liko tayari. Ni elimu kubwa, lakini shimo la namna hiyo linataka kulelewa kama mtoto mchanga. Kwa mtu anayeanza nashauri njia ya matunda.

Kipimo ni rahisi kukariri: nili sehemu moja, chokaa sehemu mbili, sukari ya matunda sehemu tatu. Kwa ndoo ya lita 10 anza na gramu 20 za nili, gramu 40 za chokaa, na badala ya sukari ya matunda ya kununua chemsha robo kilo ya tende, uikamue, uchuje maji yake. Asali nayo inafaa. Sukari nyeupe ya dukani haifai, kwa sababu kemia yake ni nyingine, haina uwezo wa kupokonya oksijeni mpaka kwanza ivunjwe. Nili iponde na maji kidogo mpaka iwe laini kama uji, kisha changanya vyote kwenye maji ya moto ambayo mkono hauvumilii lakini hayachemki. Hapa moto hauna madhara, kimeng'enya kilishamaliza kazi yake zamani. Koroga polepole kwa kuzungusha bila kupiga mapovu, funika, rudia kukoroga kila baada ya saa moja. Baada ya saa kadhaa, au siku moja, utaona juu povu la buluu na utando wa shaba, na chini yake maji angavu yenye rangi ya asali. Maji yakiwa bado buluu kama wino, hayajawa tayari. Ongeza maji ya tende, usubiri.

Vaa glavu siku zote. Chokaa inakula ngozi, na ikiruka jichoni ni hatari kubwa. Weka ndoo ya maji safi karibu nawe, na watoto wakae mbali.

Sasa kuna jambo linalokuhusu wewe fundi wa batiki kuliko mwingine yeyote. Ndoo hii ikishaanza haihitaji kuwa ya moto. Iache ipoe mpaka joto la kawaida, ndipo uchovye kitambaa chenye nta, na nta haitayeyuka. Rangi za kuchemsha haziwezi hilo. Huko Java, kisiwa cha Indonesia ambako batiki ilifika kilele chake, buluu ya zamani kwenye vitambaa ilikuwa ya nili kwa sababu hii hii: nta na maji baridi vinapatana.

Kitambaa chako kifue kwanza kwa sabuni na magadi, kwa maji ya moto, mpaka mafuta na wanga wa kiwandani vitoke. Fanya hivyo kabla hujaweka nta. Kiloweshe, kikamue, kiingize kwenye ndoo taratibu pembeni mwa povu. Kikae dakika tano, kisiguse mashapo ya chini. Kitoe polepole bila kudondosha matone, maana kila tone linaingiza hewa ndani ya ndoo. Kikitoka kitakuwa na rangi ya jani changa la mgomba. Kitandaze kwenye kamba, usimame ukitazame. Kijani kinaanza kukimbia pembeni, buluu inaingia kwa madoa, madoa yanaungana, na kabla ya dakika kumi kitambaa kizima kimegeuka mbele ya macho yako. Nimeiona mara zisizo na idadi, na bado siwezi kuiacha kamba nikaenda kufanya kazi nyingine.

Mchovyo mmoja utakupa buluu ya maji ya pwani. Usijaribu kukikoza kwa kukiacha ndani saa nzima. Rangi ya nili hukolezwa kwa idadi ya michovyo, si kwa urefu wake: chovya, anika, chovya, anika. Michovyo mitano ni buluu iliyosimama. Kaniki ile aliyoisimulia bibi yako, yenye kukaribia weusi, haipatikani bila michovyo mingi zaidi. Ukimaliza, kiache siku moja, kisuuze kwa maji mengi, halafu ndipo siki yako ipate kazi: kikombe kimoja kwenye ndoo ya maji, iondoe chokaa iliyobaki. Suuza tena, fua kwa sabuni.

Nije kwenye nili ya dukani. Jina limekupoteza, na halikukupoteza wewe peke yako. Neno nili limetufikia kwa Kiarabu, na asili yake ya mbali ni Kisanskriti, nila, yaani buluu ya kiza. Mwanzo lilikuwa jina la rangi ya mmea huu. Kisha viwanda vikaleta unga mwingine wa kung'arisha nguo nyeupe, nao ukarithi jina. Unga mwingi wa aina hiyo ni altramarini, iliyogunduliwa namna ya kutengenezwa kiwandani Ufaransa mnamo 1828, kwa udongo mweupe, magadi na salfa. Haina undugu wowote na jani. Inakaa juu ya uzi, inaficha umanjano wa kanzu, na ikifuliwa inaondoka, jambo ambalo kwa kanzu halina ubaya. Kwa batiki ni hasara tupu. Ukitaka kuhakikisha, kamulia limau juu ya chembe kidogo ya unga. Altramarini itapauka na kutoa harufu ya yai viza. Nili ya jani haitashtuka.

Kuna unga wa tatu, nao ndio wenye swali la kweli kuhusu wateja wako. Ni nili ya kiwandani. Mkemia wa Ujerumani Adolf von Baeyer alitumia miaka mingi kuifumbua molekuli ya nili, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Kampuni ya BASF ilianza kuiuza nili hiyo mwaka 1897, na ndiyo iliyomo kwenye suruali za jinzi mpaka leo. Buluu yake na ya jani lako ni molekuli ile ile. Inatumika kwenye ndoo ya tende kwa kipimo kidogo zaidi, kwa kuwa ni safi kuliko ya jani. Mimi sioni aibu kuitumia kujifunzia, tena nakushauri uanze nayo ili usipoteze majani yako kwa makosa ya mwanzo. Lakini ukiuza kitambaa cha nili ya kiwandani kwa jina la mnili wa uani, hapo umedanganya. Mteja mwambie, bei iwe tofauti, yeye achague.

Bibi yako alisema kweli. Merikani, ile pamba nyeupe ngumu iliyoletwa Unguja na mabaharia wa Salem, Massachusetts, tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, ilichovywa kwenye nili ikawa kaniki. Nyingine nyingi zilikuja zimeshatiwa rangi India. Ng'ambo ya bahari, mafundi wa Zabid kule Yemen na wa Bahla kule Oman walikuwa na mitungi yao, kwa hiyo ufundi huu ulizunguka bahari yote tunayofanya nayo biashara. Lakini hapa kwetu kaniki ilibeba uzito mwingine. Lilikuwa vazi rahisi, vazi la wanawake watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, mwaka ule ule wa nili ya kiwandani, wanawake walitaka nguo za rangi na maua, wakaipokea kanga kwa mikono miwili. Siwalaumu hata kidogo. Ni haki yao kuukimbia weusi ule. Ila ufundi uliondoka pamoja na vazi.

Mti wenyewe ulikuwa umeshasafiri. Mbegu za arrecta zilichukuliwa kutoka Afrika zikapelekwa Java katika karne ya 19, na kutoka huko zikafika Bihar, India. Huko Bihar, wilaya ya Champaran, wakulima walikuwa wakilazimishwa kutenga sehemu tatu kati ya 20 za shamba kupanda nili ya matajiri wa Kizungu, mpaka Gandhi alipokwenda kuwasikiliza mwaka 1917. Nakutajia hayo kwa sababu utakutana na watu watakaokuambia mnili ni mmea wa Wahindi. Mmoja ni wa kwao. Huo uliokupita kimo ni wa huku.

Umeniambia mbegu ulipewa. Basi usikate miti yote. Acha miwili mitatu ibebe maganda mpaka yakauke, uchume kabla hayajapasuka. Ngozi ya mbegu yenyewe ni ngumu, kwa hiyo kabla ya kupanda mbegu zako zimwagie maji ya moto yaliyotoka jikoni dakika chache zilizopita, uziache zilale humo usiku mmoja, kisha zitie ardhini mvua za masika zinapoanza. Miti mingine ikate kimo cha goti, ukibakiza majani kidogo. Itachipua tena, na machipukizi hayo utayachuma kabla ya vuli kwisha.